MICHEZO NA MATEMBEZI KAMBINI: TUJULISHANE MAPEMA



Mwili unahitaji mwendo. Shirika la Afya Duniani (OMS) linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi kwa wastani wa dakika 60 kila siku, na watu wazima angalau dakika 150 kwa juma. Mpira, kuruka kamba, ngoma na matembezi ya haraka, vyote ni mazoezi.

Lakini mchezo usiotangazwa ni wa marafiki wachache. Wasichana, wazee, walemavu na waliofika karibuni hupata habari wakati mchezo umekwisha.

Ukitaka kuandaa mchezo, fanya hivi:

1. Muone kiongozi wa mtaa, mkubaliane uwanja na saa, ili vikundi viwili visigombanie uwanja mmoja.
2. Andika tangazo: mchezo gani, wapi, siku na saa gani, nani anahusika. Libandike kwenye kituo cha afya na karibu na bomba la maji. Litangazwe pia kwa mdomo kanisani na msikitini, kwani si wote wanaojua kusoma.
3. Chagua saa ambayo wasichana hawaendi kuteka maji wala kutafuta kuni.
4. Wekeni maji safi ya kunywa.
5. Mkisikia radi, acheni mchezo. Msijifiche chini ya mti. Ingieni nyumbani, msubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.
6. Malizeni kabla ya giza. Mbu wa malaria huuma usiku.

Aliyeumia apelekwe kituo cha afya mara moja.