Paka Naye Huvunjika

Katavi ni mkoa wa mahindi, mpunga na karanga, na penye gunia la mahindi panya hachelewi. Ndiyo maana katika kata ya Kashaulili, katikati ya Manispaa ya Mpanda, paka ni mlinzi wa stoo. Hulala juu ya magunia, hupanda kenchi, hushinda darini. Siku akidondoka, wengi hawashtuki. Si ana roho ya paka?

Ni kweli paka hujigeuza hewani. Mwaka 1894, Mfaransa Étienne-Jules Marey alipiga picha za mfululizo zilizoonyesha paka akizungusha kwanza nusu ya mbele ya mwili, kisha ya nyuma, akatua kwa miguu. Lakini kutua kwa miguu si kusalimika. Mwaka 1987 madaktari wa mifugo wa New York walichapisha taarifa za paka 132 walioanguka kutoka maghorofani: vifua vilivyoumia, taya na kaakaa vilivyopasuka, miguu iliyovunjika. Takriban 90 kati ya kila 100 waliotibiwa walipona. Hao ni waliofikishwa hospitali. Waliofia chini hawamo katika hesabu hiyo.

Tangu Katavi iwe mkoa mwaka 2012, Mpanda inazidi kujengeka, na hofu yangu kubwa ni dirisha la ghorofani. Nje kuna nondo, ndani wavu wa mbu uliobanwa kwa vipande vya mbao na misumari midogo. Nondo humzuia mwizi. Paka hupita katikati yake bila shida. Kinachomzuia ni wavu tu, na ule wa nailoni hulegea kwa jua mpaka kona ya chini ikaachia. Jioni paka huketi hapo, bega kaliegemeza kwenye wavu, macho kwa ndege aliyetua kwenye waya wa umeme. Ndege akiruka, naye anaruka.

Joto la Septemba na Oktoba haliruhusu dirisha kufungwa, najua. Basi weka wavu wa chuma, au pigilia wavu wa kuku juu ya ule wa mbu. Sogeza kitanda na kabati mbali na dirisha. Funika tundu la dari, maana dari la jipsamu lililopata unyevu haliaminiki. Watoto wa paka wasiachwe juu kabisa: uwezo wa kujigeuza hukamilika wakifikisha kama wiki sita au saba.

Akianguka, usimnyanyue kwa ngozi ya shingo wala miguu. Msogeze taratibu juu ya ubao au ndani ya boksi, umfunike kitenge. Akitembea usidhani amepona, kwani damu huweza kuvuja ndani. Akihema mdomo wazi, hali ni mbaya. Na tafadhali, usimpe Panadol! Ini la paka haliwezi kuisafisha dawa hiyo, na kidonge kimoja chatosha kumuua. Mwite bwana mifugo mapema, hata kama ni usiku.

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na paka yumo. Leo kabla ya kulala, sukuma kwa kidole kona zote nne za wavu wa dirisha lako. Iliyolegea, ipigilie msumari kesho asubuhi.