Makangaga, Masika na Kuku wa Jirani

Kila inapokaribia Machi, wenye bustani za Mbagala, Tandika, Tegeta na Bunju huanza kutazama mawingu. Huu ndio wakati wa kuhamisha makangaga, mimea ile ya majani marefu yanayoning'inia kwenye baraza za nyumba nyingi za Dar es Salaam. Yakihamishwa Januari au Februari, jua la kaskazi huyaunguza kabla mizizi haijashika. Mvua za masika zikianza na udongo ukaloa, kazi ianze. Aliyechelewa angoje vuli, kati ya Oktoba na Desemba.

Sisi hufanya kazi hii baada ya Alasiri. Kichaka hung'olewa pamoja na udongo wake, kikagawanywa kwa kisu kikali, na kila fungu likabaki na mizizi na machipukizi. Shina lisifukiwe, litaoza. Udongo wa kichanga, kama ule wa Mbagala, hauhifadhi maji, kwa hiyo huchanganywa na mboji au samadi iliyooza kabisa. Mahali pawe pa kivuli, chini ya mwembe au penye jua la asubuhi tu. Siku zisizo na mvua tunamwagilia maji ya udhu, tuliyoyakinga kwa beseni.

Tabu ni kwamba mvua hiyo hiyo huwaamsha konokono wakubwa, ambao kwa usiku mmoja humaliza machipukizi yote. Nao kuku hawauachi udongo mpya bila kuuparura.

Msimu mmoja tulichoka, tukanyunyiza sumu ya chembechembe. Asubuhi ya pili tukakuta kuku wawili wa jirani wamekufa kando ya ua. Hakuna aliyetuona, na tunakiri kwamba wazo la kunyamaza lilitupitia. Tulikuwa tukijifariji kwa mafundisho ya Mtume (s.a.w.), yaliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba anachokula ndege, mtu au mnyama katika alichopanda Muislamu huwa ni sadaka kwake. Sasa waliokula kwetu walikuwa wamekufa.

Tukabisha hodi kwa jirani, mama mtu mzima anayelea wajukuu.

"Shikamoo, mama. Kuku wako tumewaua sisi, kwa sumu ya konokono. Tumekuja kulipa."

"Marahaba, wanangu," akajibu, akanyamaza kidogo. "Yule mwekundu alikuwa akitaga. Mayai yake ndiyo madaftari ya hawa watoto."

Tulilipa kuku wawili, na mmoja tulihakikisha ni mtagaji. Mizoga tuliifukia kwa kina ili paka wasiifukue. Lililotutisha zaidi ni kwamba watoto wale wale huchezea uani kwetu.

Tangu hapo hatutumii sumu. Baada ya Isha tunatoka na tochi na glavu, tunaokota konokono, tunawaponda mara moja na kuwafukia, kisha tunanawa kwa sabuni, maana huweza kubeba minyoo yenye madhara. Tumeondoa matofali na vigae walimojificha mchana. Majivu makavu kuzunguka mmea husaidia, ila mvua moja tu huyafuta. Kwa kuku, tumepanga mawe juu ya udongo na kuzungushia wavu mpaka mizizi ishike, kama majuma sita hivi.

Wavu wenyewe, kipande kimoja tuliazimwa na mama yule.