Uga na Uzi: Istilahi za Fizikia ya Nadharia kwa Msomaji wa Mute, Cabo Delgado

Utangulizi
Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, liliko eneo la Mute, Kimakwe na Kimwani ni lugha za nyumbani, Kiswahili huwaunganisha watu na ndugu zao wa ng'ambo ya Ruvuma, na Kireno ni lugha ya shule. Kwa hiyo mwanafunzi wa huko hukutana na fizikia kupitia maneno mawili ya Kireno: campo na corda. Makala haya yanaonesha kwamba kuyatafsiri kwa pupa huipotosha dhana yenyewe.

Uga
Campo ni shamba, tena ni uwanja wa mpira. Hakuna kati ya hayo kinachofaa. Katika fizikia, uga ni kitu chenye thamani katika kila nukta ya anga na wakati. Nadharia ya uga wa kwanta hushikilia kwamba elektroni si punje iliyowekwa ndani ya uga, bali ni mtikisiko wa uga wenyewe. Mkaazi wa pwani anaielewa hoja hii upesi: wimbi halitiwi baharini, wimbi ni bahari inayotikisika. Neno uga lina upungufu mmoja, kwani uga wa nyumba una mpaka, ilhali uga wa fizikia hauna. Mwalimu hana budi kulieleza hilo.

Uzi
Corda ni kamba, na pia ni uzi wa ala ya muziki. Mwaka 1968 Gabriele Veneziano alitoa fomula kuhusu migongano ya chembe zinazoathiriwa na kani kali ya nyuklia. Baadaye Nambu, Nielsen na Susskind, kila mmoja kwa njia yake, walitambua kwamba fomula hiyo inaeleza uzi unaotetema. Kamba hufunga mashua. Haitarajiwi kutoa sauti. Uzi wa udi ukikazwa na kuguswa hutoa sauti mbalimbali, na katika nadharia hii kila namna ya mtetemo huonekana kama chembe tofauti. Mtetemo mmoja wa uzi uliofungwa kama pete huwakilisha graviti. Ndiyo maana istilahi stahiki ni nadharia ya nyuzi, si ya kamba.

Neno nadharia
Neno hili nalo lahitaji uangalifu. Nadharia ya uga wa kwanta imepimwa: nguvu ya sumaku ya elektroni iliyokokotolewa hulingana na iliyopimwa kwa zaidi ya tarakimu kumi. Nadharia ya nyuzi, inayodai vipimo kumi vya anga na wakati, haijathibitishwa na jaribio lolote, ingawa imezaa hisabati yenye manufaa.

Hitimisho
Istilahi njema haimalizi somo, bali humfikisha mwanafunzi mlangoni. Akipewa kamba, atadhani maada imefungwa. Akipewa uzi, atauliza unatetemaje. Swali hilo la pili ndilo la fizikia.