Kwa Nini Tunakuuliza Unatoka Wapi

 

Juzi mama mmoja aliniuliza: "Sista, nimekuja kutibiwa saratani. Kijiji changu na kazi ya mume wangu mnazitakia nini?" Alikuwa amepewa majibu yake asubuhi hiyo hiyo, kwa hivyo sikumlaumu kwa kukasirika. Na wewe pia huenda umewahi kujiuliza hivyo.

Twende Uganda kidogo. Mwaka wa 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya. Akaanza kuuliza: watoto kama huyu wanatoka wapi? Aliandikia hospitali nyingi za Afrika, na mwaka wa 1961 akasafiri kwa gari na wenzake wawili mpaka Afrika Kusini, akiuliza njiani. Akaona kwamba uvimbe huo uko zaidi sehemu za joto na mvua, zile zile zenye malaria. Vipande vya uvimbe vilipelekwa London, na mwaka wa 1964 watafiti wakaona ndani yake kirusi ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr.

Lakini umesikia? Vilipelekwa London. Kituo cha saratani kilifunguliwa Mulago mwaka wa 1967 kwa msaada wa Wamarekani. Utawala wa Idi Amin ulipofika, madaktari wageni waliondoka. Kituo hakikufungwa, kwa sababu Daktari Charles Olweny, Mganda, alishika usukani. Ndiyo maana mimi nikionyeshwa maabara mpya huuliza kwanza ni nani atakayeiendesha mfadhili akienda.

Hapa Kenya tuna masjala za saratani Nairobi na Eldoret, ambako wagonjwa huandikwa ili ijulikane ni saratani gani imezidi na wapi. Tuna pia watafiti wetu. Daktari Nelly Mugo wa KEMRI na wenzake walichunguza chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, wakisaidiwa na wanawake vijana 2,275 wa Kisumu, Nairobi na Thika. Matokeo yalitoka mwaka wa 2022: katika miezi 18 ya kwanza, sindano moja tu ilikinga kwa zaidi ya asilimia 97. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilisema nchi zinaweza kutumia sindano moja. Hebu fikiria ni wasichana wangapi hawatahitaji nauli ya kurudi mara ya pili!

Ukiombwa kuingia kwenye utafiti, una haki ya kusomewa karatasi kwa lugha unayoelewa kabla ya kutia sahihi au kidole. Unaweza kukataa. Unaweza kukubali leo na kutoka kesho. Matibabu yako utapata vile vile, na mtu akikuambia vinginevyo, mripoti kwa msimamizi wa hospitali.

Lakini maswali ya rejista, tafadhali yajibu sawasawa. Taja mahali ulipoishi miaka mingi, na kazi uliyofanya hasa. Yule mama alikuwa ameandikisha nyumba ya dada yake mjini, anakolala siku za kliniki. Tulifuta, tukaandika kijiji chake.