Arseniki ya Kisimani, Arseniki ya Wodini

Dhahabu ya Geita mara nyingi haikai peke yake mwambani. Hukaa pamoja na madini yenye salfa na arseniki. Mawe yakishasagwa kwenye karasha na marudio, yaani mabaki ya mawe hayo, kuachwa juani na mvuani, arseniki hiyo hupata njia ya kufika majini. Watafiti waliopima visima vya ukanda wa dhahabu wa Ziwa Victoria wamekuta baadhi vikizidi mikrogramu 10 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Anayeyanywa maji hayo kwa miaka mingi yumo katika hatari ya saratani ya ngozi, mapafu na kibofu.

Hata hivyo, arseniki hiyo ni dawa ya saratani. Madaktari wa Harbin, China, waliijaribu miaka ya 1970 kwa aina moja ya saratani ya damu, na Marekani ikaidhinisha arseniki trioksidi mwaka 2000. Kinachoamua kama itaua au itaponya ni kimeng'enya au protini inayokutana nayo, na kwa kiasi gani.

Ili kuelewa hilo, tuanze na kimeng'enya kingine kinacholengwa na dawa za saratani. Vinasaba vya seli moja ya binadamu vikinyooshwa hufikia karibu mita 2, navyo hujikunja ndani ya kiini kisichoonekana kwa macho. Seli inapovinakili, vinasaba hujisokota kama kamba ya katani iliyopindwa kupita kiasi. Kimeng'enya kiitwacho topoisomerasi II hukata nyuzi zote mbili, hupitisha kipande kingine katika pengo, kisha huunga. Kazi hiyo inadai nishati ya ATP, magnesi na chumvi ya kadiri. Maabarani, kalsiamu ikiwekwa mahali pa magnesi, mikato huongezeka. Chumvi ikizidishwa, mikato hujiunga tena.

Hapo ndipo etoposidi, dawa ya saratani, inapoingilia. Huacha kimeng'enya kikate, kisha hukizuia kuunga, na seli inayogawanyika kwa kasi hufa ikiwa na mikato hiyo mwilini mwake. Doksorubisini, dawa nyingine ya saratani, hufanya kazi inayofanana, ila ina tabia yake: ikizidi sana, hujipenyeza kati ya ngazi za vinasaba hadi kimeng'enya kinakosa pa kushika, na mikato hupungua badala ya kuongezeka. Isitoshe, misuli ya moyo ina topoisomerasi ya aina nyingine, nayo doksorubisini huinasa vilevile. Ndiyo maana daktari huhesabu jumla ya dozi zote alizowahi kupata mgonjwa, si ya siku hiyo tu. Dawa zote mbili zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu.

Arseniki ya kisimani haikati vinasaba kwa namna hiyo. Hunasa salfa iliyoshikilia zinki katika PARP-1, kimeng'enya kinachotambua vinasaba vilivyokatika. Zinki ikiondoka, kimeng'enya hupofuka, na madhara yaliyoletwa na jua au moshi wa sigara yanabaki bila kurekebishwa. Katika saratani ya damu iliyotajwa, arseniki hunasa salfa za protini mbovu inayozuia seli kukomaa, na protini hiyo husagwa. Mshiko ni ule ule. Aliyeshikwa ndiye tofauti.

Zebaki inayotumiwa kukamata dhahabu kwenye mialo ya kuoshea mchanga nayo hupenda salfa ya protini, lakini si haki kuyaweka madhara yake kapu moja na ya arseniki. Mvuke unaotoka dhahabu inapochomwa huharibu mishipa ya fahamu na figo, na dalili inayojulikana zaidi ni mikono kutetemeka.

Arseniki haina ladha wala harufu. Maji yanayochemshwa yanapungua sufuriani, arseniki inabaki, kwa hiyo kila lita iliyosalia ina arseniki zaidi ya mwanzo. Visima vilivyo jirani na marudio vinastahili kupelekwa maabara kabla ya vingine vyote.