Miji Mikubwa na Wageni Wake (Sehemu ya Pili): Dar es Salaam, Mji Unaompa Mgeni Shughuli

Wiki iliyopita tuliona jinsi Sultan Majid bin Said wa Zanzibar alivyoanza kujenga mji huu karibu na kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860, na jinsi alivyofariki mwaka 1870 akiiacha kazi njiani. Leo tuingie ndani ya mji wenyewe. Swali letu ni lile lile: mji huu una nini hata wageni waupende?

Wapo wanaosema wageni wa Dar es Salaam ni wapita njia tu, kwamba wanalala usiku mmoja halafu wanakwenda Unguja au Serengeti. Kwa watalii neno hilo lina ukweli wake. Lakini tangu lini mgeni akawa mtalii peke yake? Ingia nyumba za kulala wageni za Kariakoo jioni, usikilize mazungumzo ya ukumbini. Utasikia Kiswahili cha Lubumbashi, Kibemba cha Zambia, Kichewa cha Malawi na Kikomoro. Watu hawa wamekuja kununua vitenge, viatu, vipuri vya magari na vyombo vya ndani, na miezi michache baadaye utawaona tena. Kwa maoni yangu hao ndio wageni wanaoupenda mji huu kwa dhati. Tukitaka kujua siri ya umaarufu wake, tuwafuate wao.

Basi tuanzie kwao, Kariakoo. Jina lenyewe limezaliwa na vita. Waingereza walipouteka mji kutoka kwa Wajerumani mwezi Septemba 1916, eneo hili lilifanywa kambi ya wapagazi wa jeshi, ambao kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Waswahili wakalipitisha neno hilo katika ulimi wao, likatoka Kariakoo. Nairobi nao wana Kariokor yao, yenye asili hiyo hiyo. Wapagazi hao walibeba risasi, unga na majeruhi vichwani na mabegani kwa mamia ya maili, na makumi ya maelfu yao walikufa katika vita ile ya Afrika Mashariki, wengi kwa maradhi na njaa. Mwaka 1927 ilisimamishwa katikati ya mji sanamu ya shaba ya askari aliyeelekeza bunduki yake upande wa bandari. Maandishi ya chini yake yanawataja wapagazi pia, lakini aliyechongwa ni askari. Hata hivyo, jina linalopigiwa kelele na makondakta wa daladala kuanzia alfajiri mpaka usiku, kutoka Mbagala hadi Tegeta, ni la wapagazi. Sijui kumbukumbu nyingine ya vita inayotajwa mara nyingi kiasi hicho kwa siku moja.

Soko kuu la hapo ni kazi ya msanifu wetu Beda Amuli, na lilifunguliwa mwaka 1975. Paa lake limebebwa na nguzo za zege zinazotanuka juu kama miavuli iliyogeuzwa. Ukisimama chini yake unajiona uko gulioni, kwenye kivuli cha miti mikubwa. Julai 2021 jengo hilo liliungua usiku, na wengi tulihuzunika. Lakini kulipokucha biashara iliendelea katika mitaa ya Congo, Msimbazi na Sikukuu, kwa maana Kariakoo ilikwisha kulizidi soko lake siku nyingi. Kila kibaraza ni duka na kila ghorofa ni ghala.

Kutoka hapo hadi katikati ya mji ni mwendo mfupi wa miguu, unapita Mnazi Mmoja. Wageni wengi hupumzika chini ya miti ya pale bila kujua wamekaa juu ya nini. Wakoloni waliugawa mji mapande matatu: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati, Uswahilini nyuma. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi makusudi ili kuwatenga Waafrika wa Kariakoo na wenzao wa upande wa pili. Leo uwanja huo ni njia. Mama wa Kikomoro aliyejitwisha mzigo wake anaukatisha kwenda kutafuta hariri Uhindini, na akichoka ananunua kachori na chai ya tangawizi palepale barabarani. Sijui kama waliochora mpaka ule wangeyaamini macho yao. Kinachonisikitisha ni nyumba za zamani za Uhindini, zile zenye roshani za mbao na majina ya wajenzi juu ya milango, zinazobomolewa moja baada ya nyingine kupisha maghorofa ya vioo. Zilizobaki zilindwe sasa.

Asubuhi na mapema mgeni aende Feri, kwenye soko la samaki. Mashua zinaingia, dalali anapanga vibua, changu na pweza juu ya meza ya zege, bei inapanda kwa sauti kabla jua halijachomoza. Ukisimama pale bila shughuli utaambiwa upishe njia. Nunua changu wawili tu, uone. Papo hapo umepata watu watatu: wa kukuparia magamba, wa kukukaangia kwenye karai kubwa juu ya kuni, na wa kukutafutia ndimu na pilipili. Hakuna aliyekuuliza umetoka wapi. Wamekuuliza unataka nini. Hapo ndipo ninapoiona tabia ya mji huu: mgeni hupokewa kwa kupewa nafasi katika shughuli inayoendelea.

Ndiyo maana Dar es Salaam haikupungukiwa na watu hata baada ya mwaka 1973, ilipoamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Mizigo ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi inashuka katika bandari hii, na mwenye mzigo huufuata mzigo wake. Foleni inamchosha na joto la Januari linamtesa, lakini anakuja.

Niliwahi kumpokea mwalimu mmoja wa Lubumbashi aliyekuja kununua vitabu na vifaa vya shule. Jioni ya kwanza nilimpeleka kwenye kijiwe cha kahawa karibu na Msimbazi, ambapo hoja ya kudumu ni Simba na Yanga. Alipozungumza, akisema “batu” na “batoto”, vijana walitabasamu. Mzee mwenye birika akawakanya: “Huyo anaongea Kiswahili cha kwao. Mpeni kiti.” Wakampa benchi, wakamuuliza habari za TP Mazembe, naye akawajibu mpaka kashata zikaisha. Wakati wa kulipa alikuwa na noti kubwa tu na mzee hakuwa na chenji. Nilipoingiza mkono mfukoni, mzee akanizuia. “Mwache, deni ni lake. Atalipa akirudi.”

Alirudi baada ya miezi saba. Hata kabla ya kwenda kwa wauza vitabu alinitaka twende Msimbazi. Tulipokaribia, mzee alikuwa ameinama akipepea mkaa. Akainua uso, akamtazama mgeni wetu kidogo, kisha akachukua kikombe, akakisuuza.

“Mwalimu wa Lubumbashi,” akasema. “Deni langu umekuja nalo?”