Tumbo la Mbwa Mdogo Linapovimba Ghafla

Katika Milima ya Usambara, kaya nyingi hufuga ng'ombe wa maziwa bandani, na wafugaji wengi wanajua namna ya kumwokoa ng'ombe aliyejaa gesi: hunyweshwa mafuta ya kupikia, na hali ikizidi, mtaalamu humtoboa ubavuni. Ujuzi huo usitumike kwa mbwa. Tumbo la ng'ombe lina sehemu 4 na huchachusha majani. La mbwa ni mfuko mmoja, ambao ukijaa hewa huweza kujipinda na kuziba njia ya kuingilia na ya kutokea. Mafuta hayatapita, bali yaweza kuingia mapafuni. Sindano nayo yaweza kutoboa wengu.

Kujipinda kwa tumbo huwapata zaidi mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, lakini mbwa wadogo nao hupatwa.

Wakati usio wa dharura

Mtoto wa mbwa mwenye tumbo la duara, lakini anayecheza na kula vizuri, huenda ameshiba au ana minyoo. Dawa ya minyoo huanza kutolewa akiwa na umri wa wiki 2, kwa kipimo kinacholingana na uzito wake.

Wakati wa kuhofu

Mpeleke mbwa kwa daktari wa mifugo mara moja, hata usiku, iwapo:

- tumbo limekuwa gumu kama ngoma na linamuuma akiguswa;
- anajaribu kutapika bila kutoa kitu, au anatoa udenda mwingi;
- hatulii, anahema kwa kasi, au ameishiwa nguvu;
- ufizi wake umepauka;
- tumbo limevimba baada ya kugongwa na pikipiki, kwani huenda anavuja damu ndani;
- amekula donge la unga wa maandazi lenye hamira, kwa kuwa huendelea kuumuka tumboni na kutoa kilevi.

Mbwa jike aliyetoka kwenye joto wiki chache zilizopita, mwenye tumbo lililojaa na kiu isiyo ya kawaida, aonwe siku hiyohiyo. Huenda ana usaha kwenye mfuko wa uzazi.

Hatua za kuchukua

Usimpe chakula, maji wala dawa za binadamu za maumivu. Usimtapishe. Usimkande tumbo. Piga simu kwanza, umweleze daktari uvimbe ulianza saa ngapi na mbwa alikula nini. Kwa wakazi wa vijiji vilivyo mbali na Lushoto mjini, barabara za milimani huchelewesha safari, hususan wakati wa mvua. Basi usingoje asubuhi. Tumbo lililojipinda laweza kuua ndani ya saa chache.

Haki yako

Chini ya Sheria ya Veterinari ya 2003, daktari wa mifugo hupaswa kusajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Una haki ya kuuliza usajili wake, kuelezwa gharama kabla ya upasuaji, na kupewa risiti. Hifadhi namba yake ya simu leo, wakati mbwa wako angali mzima.